Tripu ya Tatu ya Mwika

Alawi bin Khamisi, ambaye Mwenyezi Mungu amemchukua mwezi wa Rajabu uliopita, hakuwa mtu wa kutulia. Hata uzeeni, alipokuwa haendeshi tena chombo chochote, alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa. Waliomjua mwishoni walidhani ni maradhi ya uzee. Waliokuwa naye zamani walisema hapana, ni msimu wa kahawa. Ulimwingia mwilini akiwa kijana na haukumtoka tena. Haya ni ya msimu mmoja tu, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Pili, na nyumbani kwake yamesimuliwa mara nyingi, zaidi na mkewe kuliko na yeye mwenyewe.

Alikuwa dereva wa Dhirendra, Mhindi aliyekuwa na duka karibu na stesheni ya Moshi. Dhirendra alikuwa na malori mawili. Kwa sehemu kubwa ya mwaka lori moja lilitosha, na la pili lilikaa juu ya mawe nyuma ya duka, kuku wakitaga chini yake. Lakini kahawa ilipoiva kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia mwezi wa saba mpaka karibu na Krismasi, magunia yalijaa katika maghala ya wakulima huko juu, Machame, Kilema, Marangu, Mwika, na yote yalitakiwa yashuke mjini, kiwandani, yakakobolewe. Hapo Dhirendra alilitoa lori la pili kwenye mawe, akalitia matairi, akatafuta dereva mwingine.

Na hapo pia malipo yalibadilika. Miezi mingine dereva alipata mshahara wa mwezi, mdogo lakini wa uhakika. Msimu ukianza, mshahara uliwekwa kando na dereva akalipwa kwa tripu, na tripu ilihesabiwa pale tu mzigo ulipopita kwenye mizani ya kiwanda. Tairi likipasuka, wewe na utingo wako mlikaa chini mkaliziba, na muda huo hakuna aliyewalipa. Barabara ikigeuka tope, mlisukuma. Kahawa ikilowa kwa sababu turubai limetoboka, ilikataliwa mizanini, na tripu hiyo ikawa kama haikuwapo. Tena lori halikupanda tupu. Asubuhi lilipakiwa mabati, chumvi, saruji na madebe ya mafuta ya taa ya wenye maduka wa huko juu, na dereva aliyateremsha duka baada ya duka bila kuongezewa kitu, kwa sababu, alivyosema Dhirendra, gari lilikuwa linakwenda huko hata hivyo.

Dereva wa pili msimu huo alikuwa Remigius, Mchagga Mkatoliki wa Kilema, mtu mnene mwepesi wa kucheka. Siku ya kwanza Dhirendra aliwasimamisha wote wawili mbele ya duka akawaambia bila kuficha. Msimu ukiisha, lori moja litarudi kwenye mawe. Dereva mmoja atabaki kwa mshahara wa mwezi, naye ni yule atakayekuwa ameshusha mizigo mingi kuliko mwenzake. Alisema hivyo akiwa ameshika kikombe cha chai, kisha akaingia ndani, maana kulikuwa na wateja.

Alawi alijua maana ya kutobaki. Mwaka uliotangulia aliachwa na tajiri mwingine kahawa ilipokwisha, na masika yote alibeba mizigo ya wasafiri stesheni, leo anapata, kesho anarudi mikono mitupu. Mkewe, Shani, alikaanga vitumbua alfajiri akavipeleka sokoni, mtoto mdogo mgongoni, kwenye mvua. Mtoto akashikwa na kifua. Alipona, lakini Alawi hakusahau uso wa Shani ulivyokuwa usiku ule, akikisikiliza kile kikohozi na kungoja kingine kifuate. Kwa hiyo msimu huu hakuwa akishindania sifa. Alikuwa akishindania masika ijayo.

Njia yake ilikuwa ya Mwika, upande wa mawio ya jua, ambako unakwenda kwanza tambarare mpaka Himo ndipo uanze kupanda kati ya migomba. Madereva wengine waliihesabu kuwa njia ya tripu mbili kwa siku. Alawi aliigeuza ya tripu tatu. Aliondoka mjini kabla ya jogoo kumaliza kuwika, akala mkono mmoja uko kwenye usukani, akakojoa pale tu gari lilipotaka maji. Wakati wa msimu kiwanda kiliacha lango wazi mpaka saa mbili za usiku, na aliyefika mizanini kabla halijafungwa alihesabiwa tripu ya siku hiyo. Aliyechelewa alilala na mzigo wake nje, na asubuhi akapoteza nusu siku akingoja zamu. Maisha yote ya Alawi yalikuwa yamekazwa kwenye lango hilo. Shani alisimulia kwamba hata usingizini miguu yake ilikuwa ikitafuta breki.

Utingo wake aliitwa Yunusu, mtu wa mjini, mwenye mvi tayari, aliyemzidi dereva wake miaka ishirini na zaidi. Wapakiaji wa kiwandani walipenda kumtania kwamba dunia imeharibika, siku hizi utingo ni babu. Yunusu aliwajibu kwamba gari lile lina mababu wawili, yeye na injini, na yeye ndiye anayewaka bila kupigwa hendeli. Hakuwa mwepesi, lakini alifunga turubai vizuri kuliko mtu yeyote, na magunia aliyoyafunika yeye hayakuwahi kukataliwa.

Mambo yakaenda hivyo mpaka vuli ilipoanza, na Ramadhani ikaingia pamoja na mvua.

Kufunga kwenyewe hakukuwa jambo geni kwa Alawi. Alifunga tangu alipokuwa mdogo, baba yake akimwamsha kula daku. Lakini alikuwa hajawahi kufunga huku akiendesha tripu tatu. Adhuhuri ilipopita, barabara ilianza kumcheza machoni. Alipiga kona akiwa amechelewa kidogo, akaisahihisha, akajilaumu. Mate yalimkauka, na kila alipofika mizanini alimkuta Remigius ameegemea lori lake akitafuna muhindi wa kuchoma.

"Funga vizuri, Alawi," Remigius alimwambia siku moja. "Kila ukisikia njaa, ujue mimi nimeongeza gunia."

"Cheka tu. Kwaresima yako nayo inakuja."

"Itanikuta kahawa imekwisha, ndugu yangu. Sisi tumepangiwa vizuri."

Wapakiaji wakaangua kicheko, na Alawi naye akacheka, maana Remigius hakuwa mtu mbaya. Siku Alawi alipokatikiwa mkanda wa feni karibu na Himo, ni Remigius aliyempa wake wa akiba. Lakini kicheko kilipokwisha Alawi alibaki akiangalia lile lori jingine, akikadiria limebeba kiasi gani, na limeshaingia mara ngapi tangu asubuhi.

Nyumbani hakufuturu hata siku moja katika siku za mwanzo za mwezi ule. Jua lilimzamia Mwika au njiani. Shani alimwekea uji na mihogo chini ya kawa, vikapoa, akavipasha moto, vikapoa tena. Alimwambia, nusu kwa utani, kwamba watoto wanauliza kama baba amehamia kwa Wachagga. Alawi alimjibu kwamba kesho atawahi. Kesho yake alisema vilevile, na hatimaye Shani akaacha kuuliza, jambo ambalo lilimsumbua Alawi kuliko maswali.

Huko Mwika alifuturia kwenye ghala la kahawa. Karani wa ghala, Efraimu, alikuwa Mlutheri mwenye nidhamu, na mkewe Mektrida aliwahurumia watu wawili waliokaa njaa siku nzima wakibeba magunia. Kila jioni aliwaletea kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, bila nyama, maana alikwisha kusikia kwamba hawali nyama asiyoichinja Mwislamu mwenzao. Alikifunika kwa jani la mgomba akakiweka juu ya benchi la nje, bila maneno mengi.

Mjini mtu hakuhitaji kuuliza saa ya kufuturu. Mwadhini aliadhini, nyumba zote zikanyamaza kidogo, kisha vikasikika vikombe. Mwika hakukuwa na msikiti. Kulikuwa na kengele ya kanisa, nayo ililia kwa saa zake. Siku za kweupe Alawi na Yunusu waliangalia nyika chini kule, upande wa Taveta, ambako kivuli cha mlima kilinyooka kila jioni kikizidi kuwa kirefu. Kilipoimeza nyika yote pasibaki hata kipande cheupe, walijua jua limekwisha upande wa pili, na hapo walinyoosha mkono kwenye tende. Siku ambazo hakukuonekana, walimwuliza Efraimu, aliyekuwa na saa ya ukutani ndani ya ghala.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya katikati ya mwezi. Asubuhi kreti ya sabuni ilipasuka kwenye duka moja la Marangu, na mwenye duka akamzuia Alawi mpaka sabuni zote zikaokotwa na kupanguswa. Tripu ya pili ikachelewa mizanini. Walipofika Mwika kuchukua ya tatu, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, mzito na wa baridi, na manyunyu yakidondoka kutoka kwenye majani kama mvua isiyojiamini. Efraimu aliwasha taa ya kandili ili aione mizani yake, na mwanga ule wa taa ukaufanya uwanja wa nje uonekane mweusi zaidi.

Wapakiaji walipakia polepole, utelezi mtupu. Alawi alikwenda huku na huku. Alishika gunia ambalo halikuwa kazi yake kulishika, akalipandisha. Aliangalia matairi. Alikwenda mpaka ukingo wa uwanja kuitazama nyika, akaona weupe wa ukungu ukigeuka kijivu, na kijivu kikizidi kukolea. Akarudi. Magunia yalikuwa yamebaki machache. Kama angeondoka sasa hivi angefika langoni kabla halijafungwa. Kama angekaa kungoja futari, kisha sala, kisha kula, kama siku nyingine, kwa ukungu na utelezi ule asingefika.

Alisimama kwenye mlango wa ghala, bega limeegemea mwimo, Efraimu akiwa ndani ameinamia mizani na saa iko ukutani nyuma yake. Alawi hakugeuza kichwa. Aliangalia nje, akaona giza, akasema kwa sauti, "Magharibi imeingia."

Hakuna aliyempinga. Aliketi kwenye benchi, akasema bismillahi, akala tende, akanywa maji bakuli zima. Alimwita Yunusu, aliyekuwa juu ya magunia akivuta kamba za turubai. Yunusu alijibu kwamba atamaliza kwanza fundo. Alawi akatandika mkeka wake mdogo chini ya mchirizi wa paa, akasali magharibi haraka, akala kiburu karibu kwa mikono miwili, na Yunusu aliposhuka, dereva alikuwa amekwisha kushika hendeli ya kuwashia injini. Yunusu alichukua sehemu yake ya kiburu, akaifunga kwenye jani la mgomba, akapanda nayo.

Walishuka. Taa za mbele zilitoa mwanga wa maziwa, zikiuangaza ukungu wenyewe badala ya barabara. Alawi alikuwa na nguvu mpya ya chakula, akakanyaga pale alipopaswa kuachia. Alipiga hesabu ya njia kichwani, daraja, mteremko, Himo, tambarare. Angefika. Alianza hata kupiga mluzi.

Ndipo, walipokuwa wakikaribia chini, ukungu uliisha. Haukupungua kidogo kidogo. Uliisha kama pazia lililokatwa, na lori likatoka kwenye wingu na kuingia kwenye jioni ya kawaida. Majani ya kando ya barabara yalikuwa na rangi zake zote. Mwanamke alikuwa akianua nguo. Na barabara ilipopinda Himo kuelekea Moshi, jua lilimpiga Alawi usoni. Lilikuwa zima, jekundu, kushoto kwa mlima Meru, juu ya nyika kwa kimo cha mtu anayeweza kulifikia akinyoosha mkono.

Mluzi ulikufa mdomoni. Aliinua kiganja kujikinga macho, akaendelea kuendesha.

Aliendesha hivyo kwa muda, mkono mmoja usoni. Akajiambia kwamba amekosea, na mwenye kukosea ana udhuru. Akajiambia kwamba yeye ni msafiri, na msafiri ameruhusiwa kula. Lakini alijua kwamba shehe alikwisha kuulizwa swali hilo na madereva, akawajibu kwamba Mwika si safari ya kutosha, na tena mtu anayelala kwake kila usiku asijiite msafiri. Akajiambia atailipa siku hii baada ya Idi, kama wanavyolipa wengine. Hilo lilikuwa kweli, nalo halikumtuliza. Jua halikushuka. Lilikaa pale pale mbele ya kioo likimtazama, na hakuweza kugeukia upande mwingine kwa sababu huko ndiko barabara ilikokwenda.

"Mzee Yunusu," alisema mwishowe, "umefuturu?"

"Bado."

"Nilikuita."

"Uliniita."

"Uliona ni mapema, na hukuniambia?"

Yunusu alikuwa amelikumbatia furushi lake la jani la mgomba mapajani. Hakuwa na hasira. "Sikuona, mwanangu. Nilikuwa na shaka tu, kama mtu yeyote kwenye ukungu. Mwenye saa alikuwa Efraimu, nawe ulikuwa umeegemea mlango wake. Nikajiambia, huyu haulizi kwa sababu akiuliza atajibiwa."

Alawi aliendesha mpaka kwenye mti mmoja wa kivuli kando ya njia, akalitoa lori barabarani, akazima injini. Rejeta ilisikika ikichemka.

"Lango litafungwa," Yunusu alimkumbusha.

"Najua."

"Magharibi unaweza kuisali tena mjini, ndani ya wakati wake."

"Najua, mzee."

Alijua yote hayo. Sheria haikumtaka asimame. Lakini alikuwa amekwisha kulikimbiza jua mara moja siku ile, na sasa kila alipofikiria kushika hendeli mkono ulikataa. Alishuka akalizunguka lori. Akapiga matairi teke, akakaza kamba iliyokuwa imekazwa. Akaketi, akainuka. Alikuwa hajawahi kujua kwamba jua huzama polepole hivyo. Kwa miezi yote ile alikuwa amelisikia likianguka tu.

Lori la Remigius lilitokea nyuma yao, likitoka Kilema, limepakiwa mpaka springi zimelala. Lilipunguza mwendo, likasimama, na Remigius akatoa kichwa.

"Limekufa?"

"Zima kabisa," Alawi alisema.

"Mafuta?"

"Yapo."

"Basi unangoja nini hapa, na lango lile?"

"Nangoja jua lizame."

Remigius alimtazama, akalitazama jua, akamtazama Yunusu na furushi lake, tayari kucheka. Lakini hakucheka. Aliuliza kama kuna mgonjwa, akaambiwa hakuna. Aliuliza kama wana maji, akaambiwa yapo. Akakaa kidogo, vidole vikigonga mlango wa gari lake kwa nje.

"Mimi nina watoto wanne, Alawi."

"Sijakuzuia."

"Usije ukasema nilikupita kwa hila."

"Nenda, bwana. Vumbi lako linanizibia jua."

Remigius akaenda. Walilisikia lori lake likipanda gia moja baada ya nyingine, likiwa mbali, mbali zaidi, na Alawi alisimama akilifuata kwa masikio mpaka likapotea. Kisha jua likagusa nyika, likabaki nusu, likabaki utepe, likaisha. Alawi hakuamini. Alingoja mpaka wekundu ulipoanza kufifia, ndipo akamwambia Yunusu aadhini. Yunusu aliadhini kando ya barabara ya Himo, sauti ya mtu aliyekauka koo, na ng'ombe wa mtu fulani wakainua vichwa. Akafuturu kwa maji na kile kiburu baridi. Alimkaribisha dereva wake, naye akakataa, akasema ameshiba. Walisali pamoja, Yunusu mbele.

Alawi hakulikimbiza lori tena usiku ule, na lango walilikuta limefungwa.

Kesho yake, walipotoka mizanini, Dhirendra alikuwa amekwisha kusikia. Hakupiga kelele. Alikuwa mtu mwembamba mwenye wasiwasi wake mwenyewe. Alikuwa ameahidi kushusha kahawa ile kabla ya tarehe fulani, na tarehe ilikuwa ikimjia kama ilivyokuwa ikiwajia wote. Mkewe, Anusuya, ambaye mwenyewe alikuwa na siku zake za kufunga kwa dini yao, alisimama mlangoni akisikiliza.

Alawi aliamkia, kisha akasema alilokuja kusema. Mpaka Idi, ataendesha tripu mbili. Baada ya Idi atarudia tatu. Hakueleza sababu, kwa sababu kila alipoipanga kichwani ilionekana ni ya kumweleza mtu mwingine, si Dhirendra.

"Mimi sikukatazi dini yako, Alawi," Dhirendra alisema. "Hata kidogo. Funga, sali. Lakini Remigius ataleta tatu."

"Ataleta, bwana."

"Nilisema maneno pale nje, siku ya kwanza. Nikiyabadilisha kwako, yeye nitamwambia nini?"

"Usiyabadilishe."

Dhirendra alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kushika. Kisha akamwambia apakie saruji. Anusuya alisema kitu kwa Kigujarati, kifupi, na mumewe akamjibu kwa kifupi vilevile, na hakuna aliyejua walisema nini.

Siku zile za mwisho wa Ramadhani Alawi alifuturu nyumbani. Watu hudhani basi alipata utulivu. Hakuupata. Aliketi mkekani na wanawe, Shani akimpakulia, na gari lolote lililopita barabarani lilimwondolea ladha ya chakula. Alijua Remigius yuko wapi kwa dakika ile. Shani alimwona, akajua kwamba amerudishiwa mume kwa nusu tu, naye akamwongezea uji bila kusema. Alikuwa amekwisha kuambiwa yote, ya ukungu na ya jua, na jibu lake lilikuwa kwamba kama ni vitumbua, mikono yake bado inakumbuka.

Idi ikapita. Alawi akarudia tripu tatu, na siku nyingine akasukuma mpaka Yunusu akaomba amwache chini apumzike. Alimkaribia Remigius sana. Mvua ilizidi, barabara ya Kilema ikakatika kwa siku kadhaa, na watu wa kiwandani wakaanza kuwekeana dau. Kisha barabara ikatengenezwa, kahawa ikapungua, magunia yakaanza kuja nusu nusu, na wiki moja kabla ya Krismasi maghala yalikuwa yanafagiliwa. Remigius alikuwa mbele. Hakuwa mbele kwa mengi. Kila mtu aliweza kuona kwamba zile siku za tripu mbili ndizo zilizoamua.

Dhirendra aliwaita mbele ya duka kama mwanzo. Alimlipa Alawi chake chote, akaongeza kanga mbili za Shani ambazo bila shaka Anusuya ndiye aliyezichagua. Alawi alimkabidhi Remigius hendeli, kwa sababu lori lililobaki barabarani lilikuwa lile la Mwika, zuri zaidi. Akamweleza kwamba gia ya pili inataka kubembelezwa, na kwamba asije akamwacha Yunusu, hatampata mfungaji turubai mwingine kama yule. Remigius alisikiliza bila mzaha hata mmoja, akiwa ameishika hendeli kwa mikono miwili.

Siku iliyofuata Alawi alifunga, kulipa ile siku yake.

Ilikuwa siku ndefu kuliko zote. Hakuwa na gari, hakuwa na mzigo. Alikaza kamba za kitanda. Akatoa bawaba ya mlango, akaipaka mafuta, akairudisha. Alikwenda mpaka stesheni akarudi, akaenda tena. Shani alimwambia kwamba akipita mlangoni mara nyingine atamtoza nauli. Jioni alitandika mkeka, akamwekea maji na mihogo ya nazi, na watoto wakakaa wakingoja.

Mwadhini akaadhini, wazi kabisa, juu ya mapaa ya bati. Watoto wakamtazama baba yao. Alawi alikuwa amekishika kikombe, hakukiinua.

"Umesikia vizuri?" alimwuliza mkewe.

"Nimesikia. Nawe umesikia."

Akaweka kikombe chini, akatoka nje. Shani alimwona akisimama katikati ya uchochoro, uso ameuelekeza magharibi, majirani wakimpita na kumsalimu. Hakukuwa na kitu cha kuona huko ila mbingu iliyofifia na popo wawili watatu. Alisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi, aliketi kwa namna ya mtu atakayeinuka tena.

"Nimesikia kule Same wanatafuta madereva wa kubeba mawe ya barabara," alisema. "Wanalipa kwa mwezi. Nikitoka na treni ya alfajiri..."

"Kunywa maji kwanza, baba Mwanajuma," Shani alisema.

Akasema bismillahi, akanywa.